Moyo Mdogo, Dua Ndefu: Imani ya Familia na Kalenda ya Upasuaji

Kila mtoto anayerudi nyumbani na kovu la upasuaji katikati ya kifua huacha ubishi nyuma yake. Wapo wanaosema ni maombi. Wapo wanaosema ni madaktari. Na karibu kila ukoo una bibi aliyekwisha kusema tangu siku ya kwanza kwamba ule haukuwa ugonjwa wa hospitali.

Zamani ubishi huu haukuwa na pa kukaa Afrika Mashariki, kwa sababu upasuaji wenyewe ulikuwa mbali. Mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa na tundu kwenye moyo alisubiri rufaa ya India, au alichukuliwa na wafadhili kama Save a Child's Heart, shirika la Israeli lililoanzishwa mwaka 1995, ambalo limewapokea watoto kutoka Zanzibar na Bara. Asiyepata nafasi hizo alizikwa, na majirani wakasema alikuwa na kifua. Upasuaji wa moyo ulianza katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2008, na mwaka 2015 ikazaliwa hapohapo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI. Kenya ina Hospitali ya Mater jijini Nairobi, ambayo mbio zake za hisani huchangisha fedha za watoto wenye maradhi ya moyo, na Tenwek kule Bomet. Uganda ina taasisi yake pale Mulago. Tiba imesogea. Imani, ambayo haikuwahi kwenda mbali, sasa inakutana nayo uso kwa uso mlangoni mwa wodi.

Mkanganyiko unakuzwa na ushuhuda. Redio za dini, mikesha na video za simu zimejaa simulizi za aina moja: daktari alisema kuna tundu, tukaomba, tuliporudi kupima tundu halikuonekana. Mzazi aliyepewa tarehe ya upasuaji anasikia hayo na kujiuliza kama anafanya haraka. Msimuliaji hasemi uongo, na hapo ndipo penye ugumu wote.

Tundu linaloziba na tundu linalodanganya

Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, takriban 8 huwa na kasoro ya moyo. Moyo hukamilisha umbo lake ndani ya wiki 8 za mwanzo za mimba, wakati ambapo mama wengi hawajapima hata mkojo. Kwa watoto walio wengi sababu haijulikani. Kwa wengine inahusishwa na vinasaba (karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo), au na maradhi ya mama kama rubela na kisukari kisichodhibitiwa. Mama aliyekula yai akiwa mjamzito, au aliyekosana na wakwe, hayumo katika orodha hiyo.

Kasoro inayosikika zaidi ni tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Hapa ukubwa ndio kila kitu. Matundu madogo, hasa yaliyo kwenye sehemu ya msuli, mengi huziba yenyewe katika miaka ya mwanzo. Huziba kwa mtoto wa shehe, kwa mtoto wa mchungaji na kwa mtoto wa asiyesali kabisa. Familia iliyoomba mwaka mzima na kukuta tundu limeziba ina kila haki ya kumshukuru Mungu. Kosa linaanza pale kisa chake kinapogeuzwa kuwa dawa ya mtoto mwingine, mwenye tundu la aina nyingine.

Tundu kubwa lina tabia tofauti. Damu iliyokwisha kusafishwa inavuja kurudi mapafuni, mapafu yanajaa, na mtoto anahema kama aliyekimbia. Ananyonya kidogo, anatoka jasho kwenye paji la uso, anaachia titi, analala. Uzito haupandi. Kila mwezi ana kifua.

Kisha, asipotibiwa, huja jambo ambalo wazazi wangestahili kuelezwa kwa herufi kubwa. Mishipa ya mapafu, baada ya kupigwa na presha kwa muda mrefu, inakakamaa. Ikikakamaa, damu inayovuja inapungua. Mtoto anaacha kuhema kwa shida, anakula, mashavu yanajaa. Nyumbani wanasema amepata nafuu, na aliyekuwa akimwombea anaalikwa kutoa ushuhuda. Kumbe nafuu hiyo ni mlango unaofungwa: presha ikizidi kupanda mapafuni damu hugeuza njia, midomo inaanza kuwa ya bluu, na hapo tundu haliwezi tena kuzibwa, maana limekuwa ndiyo njia pekee ya moyo kupumua. Daktari wa Austria, Victor Eisenmenger, alieleza hali hiyo mwaka 1897 na jina lake ndilo inaloitwa hadi leo. Ndiyo sababu tundu kubwa hushauriwa kuzibwa mapema, aghalabu kabla mtoto hajatimiza mwaka 1.

Kwa hiyo swali la imani na upasuaji, kabla halijawa la kiteolojia, ni la kalenda. Kila msimamo ufuatao unafaa kuulizwa unamfanyia nini mtoto ndani ya miezi hiyo michache.

"Mungu kwanza"

Wanaotanguliza maombi hawana hoja nyepesi kama wanavyodhaniwa mijini. Waraka wa Yakobo unaagiza mgonjwa aitiwe wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Kurani inajitaja kuwa ni ponyo. Pwani, ustadhi huandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji na marashi ya waridi, na kombe hilo likanywewa. Mwenye kutazama kwa haraka ataona ushirikina. Atazame tena: mzazi ambaye hospitali imempa karatasi yenye tarehe ya miezi minne mbele, hapa amepewa kitu cha kufanya leo, kwa mikono yake, na mtu anayemwita kwa jina.

Hiyo ndiyo nguvu kubwa ya msimamo huu, na inatokana na udhaifu wa hospitali. Foleni ni ndefu, wataalamu ni wachache, kambi maalumu za madaktari wageni huja na kuondoka. Familia inayotoka Kigoma au Mtwara inalipa nauli, chakula na pa kulala kabla hata haijagusa gharama za matibabu. Maelezo ya daktari hutolewa kwa dakika chache, nusu yake kwa Kiingereza. Maombi yapo saa nane za usiku, na hayaombi namba ya kadi ya bima. Tena yanakuja na watu: waumini wanaokesha pamoja ndio haohao wanaochanga, wanaopika, wanaobaki na watoto wakubwa mama akiwa wodini.

Udhaifu wake nao ni mzito. Maombi hayana tarehe ya mwisho. Yasipojibiwa mwezi huu yanaweza kuongezwa mwezi ujao, na moyo haujui kuongezewa muda. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapila aligawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilienda kilomita nyingi, watu walivuka mipaka ya nchi, wapo waliotolewa vitandani hospitalini na wapo walioacha dawa zao. Bei ya kikombe ilikuwa ndogo. Kilichowagharimu watu ni muda uliopita barabarani na dawa zilizoachwa nyumbani.

Kwa mtoto mchanga kuna la ziada. Mtoto ambaye moyo wake umeelemewa huhesabiwa kila mililita anayokunywa. Kombe, maji ya baraka au mizizi iliyochemshwa, hata ikitolewa kwa nia njema kiasi gani, inaingia kwenye mwili usio na nafasi ya kuipokea.

Halafu lipo jeraha lisiloonekana kwenye eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Msimamo wa "Mungu kwanza" ukikazwa sana hugeuka kuwa hukumu: mtoto hajapona kwa sababu imani ya mama ni haba, au nyumba ina dhambi iliyofichwa. Mwanasaikolojia wa Marekani Kenneth Pargament na wenzake walifuatilia wagonjwa wa umri wa miaka 55 na zaidi, na mwaka 2001 wakachapisha kwamba waliojiona wametupwa na Mungu, au walioamini ugonjwa wao ni kazi ya shetani, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka miwili iliyofuata. Wale walikuwa wazee, siyo mama wenye watoto mahututi, kwa hiyo matokeo hayahamishwi moja kwa moja. Hata hivyo yanatikisa dhana kwamba imani yoyote, ya namna yoyote, ni faraja.

"Daktari kwanza, mengine baadaye"

Upande wa pili una historia ya kujivunia. Mwaka 1938, Boston, daktari wa upasuaji Robert Gross alifunga kwa mafanikio, kwa mara ya kwanza, mshipa wa moyo wa mtoto ambao ulipaswa kujifunga baada ya kuzaliwa. Novemba 1944, Baltimore, Alfred Blalock, akiongozwa na wazo la Helen Taussig na mbinu zilizokamilishwa na fundi wake wa maabara Vivien Thomas, mtu mweusi asiye na shahada ya udaktari, alimfanyia upasuaji "mtoto wa bluu", yaani aliyegeuka rangi kwa kukosa oksijeni ya kutosha katika damu. Machi 1954, Minnesota, Walton Lillehei alifungua moyo wa mtoto wa mwaka mmoja na kidogo wakati damu ya mtoto huyo ikisafishwa na mwili wa baba yake, aliyelazwa kando. Hapakuwa na mashine ya kuaminika ya kufanya kazi hiyo, hivyo baba akawa mashine. Tundu lilizibwa. Mtoto alikufa siku chache baadaye kwa nimonia. Lillehei aliendelea: kati ya wagonjwa 45 aliowapasua kwa njia hiyo, 28 walitoka hospitalini wakiwa hai. Leo, kwenye vituo vyenye vifaa, kuziba tundu la kawaida kunapoteza watoto chini ya 2 kati ya 100.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unahesabu, na unahesabu hata waliokufa. Ushuhuda wa madhabahuni hauna safu ya waliokufa.

Wafuasi wake hupenda pia kutaja utafiti wa Herbert Benson uliochapishwa mwaka 2006. Wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa mishipa ya moyo, katika hospitali 6 za Marekani, waligawanywa makundi matatu. Walioombewa bila kuwa na uhakika kama wanaombewa walipata matatizo kwa asilimia 52; wasioombewa, asilimia 51. Walioambiwa wazi kwamba wanaombewa walifikia asilimia 59. Huenda mgonjwa alijiuliza: nina hali gani hadi wameita kikosi cha waombaji?

Lakini utafiti huo umebebeshwa mzigo kuliko uwezo wake. Ulihusu watu wazima, na waombaji walikuwa wageni waliopewa majina ya watu wasiowajua. Tena hakuna aliyeweza kuwakataza ndugu wa kundi la "wasioombewa" wasipige magoti majumbani mwao. Haukupima kabisa kile ambacho dua ya mama inamfanyia mama: kama inamwezesha kukaa macho, kusikia maelekezo, kutia saini fomu ya ridhaa bila kuzimia.

Udhaifu wa kumtanguliza daktari peke yake uko hapo. Takwimu ya 98 kati ya 100 haimwambii mzazi kama mwanawe yumo kwenye 98 au kwenye wale 2. Yule baba wa Minnesota hakulala kitandani kwa sababu ya takwimu, hazikuwepo. Kutia saini ili kifua cha mtoto kipasuliwe ni tendo la kuamini, liwe la kidini au la.

Kuna pia gharama ya dharau. Muuguzi anapokata hirizi shingoni mwa mtoto bila neno, au daktari anapocheka akisikia habari za nabii, familia haiachi inachofanya, inaanza kukificha. Na mtoto anayetumia digoksini, dawa ya moyo ambayo tofauti ya dozi inayotibu na inayodhuru ni ndogo, ndiye mtoto ambaye daktari hapaswi kufichwa kwamba usiku kuna kitu kingine kwenye kijiko.

Wanaotibu na kuomba

Tenwek ina kaulimbiu inayosema kwamba wao wanatibu na Yesu anaponya. Huo ndio msimamo wa tatu, nao una mizizi mirefu kuliko misimamo miwili ya kwanza. Bugando ya Mwanza ni ya Kanisa Katoliki, KCMC ya Moshi ilijengwa chini ya mwavuli wa Kilutheri, na hospitali za misheni zilizotangulia hizo zilikuwa na kanisa na wodi kwenye kiwanja kimoja. Sura ya 38 ya Yoshua bin Sira, iliyomo katika Biblia ya Kikatoliki, inaagiza tabibu aheshimiwe kwa kuwa naye ni wa Mungu. Waislamu wana mapokeo ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea, akaambiwa afunge na ategemee. Mwenye kudai dini inakataza hospitali anabishana kwanza na maandiko ya dini yake.

Wodini, msimamo huu una sura yake. Kwa Wakatoliki, mpako wa wagonjwa hutolewa kwa aliyefikia umri wa kutumia akili, kwa hiyo mtoto mchanga anayekwenda chumba cha upasuaji hapakwi. Anabatizwa, na katika hatari ya kufa mtu yeyote mwenye nia sahihi anaweza kumwagia maji, hata muuguzi wa zamu. Baba wa Kiislamu ambaye mtoto alizaliwa na kukimbizwa moja kwa moja kwenye mashine hupata dakika ya kumwadhinia sikioni. Matendo haya ni mafupi, hayagusi mirija, na yanabadilisha namna familia inavyosimama nje ya mlango.

Lakini "vyote viwili" ni jibu rahisi hadi vyote viwili vigongane. Mfano ulio wazi ni damu. Mtoto wa kilo 5 ana damu ya mililita 400 hivi, zaidi kidogo ya chupa moja ya soda. Mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu lazima ijazwe majimaji kabla ya kuunganishwa, na kwa mwili mdogo hivyo mara nyingi huhitajika damu ya mtu mwingine. Mashahidi wa Yehova hawaipokei. Denton Cooley wa Houston alionyesha kwamba msuguano huo unaweza kupunguzwa kwa ufundi: mwaka 1977 yeye na David Ott walichapisha taarifa ya upasuaji 542 wa moyo na mishipa uliofanyiwa Mashahidi wa Yehova, wakiwamo watoto, bila kuongezewa damu. Imani ya wagonjwa iliwasukuma wapasuaji kuwa waangalifu zaidi na kila tone, faida iliyowafikia wagonjwa wa dini zote. Hata hivyo kuna mtoto ambaye ufundi hautoshi, na hapo lazima mtu aamue.

Sheria imeamua. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inayaweka matibabu miongoni mwa haki ambazo mzazi ana wajibu wa kuzitimiza, na inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto huduma ya afya. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtoto haki ya huduma za afya. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema katika shauri la Prince la mwaka 1944, mwaka uleule wa mtoto wa bluu, kwamba uhuru wa dini hauna ndani yake uhuru wa kumweka mtoto kwenye hatari ya ugonjwa au kifo. Mtu mzima anaweza kujitolea nafsi yake kwa ajili ya imani. Ya mtoto si yake kuitoa.

Wiki sita za nyumbani

Ubishi wa nani kaponya huishia siku ya kutoka hospitalini. Kwa mtoto, sehemu ngumu ndiyo kwanza inaanza, na hapa imani ina kazi nyingi kuliko pale altareni.

Mfupa wa kifua uliokatwa huhitaji wiki 6 hivi kuunga. Katika muda huo mtoto hanyanyuliwi kwa makwapa, kama kila mtu alivyozoea kunyanyua mtoto. Mkono mmoja unaingia chini ya kichwa na mabega, wa pili chini ya makalio, anachotwa kama unga kwenye ungo. Mama anafundishwa hivyo wodini. Shangazi, mjomba na mama mchungaji hawakufundishwa, na wao ndio wanaokuja na mikono iliyonyooshwa.

Sherehe ya shukrani ina hatari yake, japo hakuna anayetaka kulisema hilo. Maulidi au ibada ya nyumbani inaleta watu arobaini kwenye sebule, na kati yao wanne wana mafua. Kuna kubusu. Pwani kuna udi na ubani, moshi mtamu unaojaza chumba alimolala mtoto ambaye mapafu yake yalikuwa kwenye mashine wiki iliyopita. Mafuta ya upako yanataka kupakwa palepale penye kovu. Mambo haya yana suluhu nyepesi, ambayo viongozi wa dini wanaweza kuitoa kwa sauti yenye uzito kuliko ya daktari: shukrani isogezwe mbele wiki chache, ubani ufukizwe uani, mafuta yapakwe kwenye paji la uso. Mama anayenyonyesha ana ruhusa ya kutofunga Ramadhani na kulipa baadaye. Kuna wanaofunga kwa nadhiri, maziwa yakapungua, uzito wa mtoto ukashuka wiki ileile ambayo ulipaswa kupanda.

Upande wa faida ni mkubwa. Dawa ya kutoa maji mwilini na dawa ya kupunguza mzigo wa moyo hutolewa kwa saa maalumu kila siku, na nyumba inayoswali alfajiri na isha ina saa ya ukutani ambayo haikosei. Familia iliyozoea ratiba ya sala hubeba ratiba ya dawa kwa urahisi. Jumuiya ndogondogo inayomtembelea mgonjwa inaweza kufundishwa dalili za hatari kama inavyofundishwa wimbo: homa, kidonda kutoa usaha, kuhema haraka, jasho wakati wa kunyonya, midomo kuwa ya bluu.

Kikwazo kikubwa hapa ni lugha ya ushuhuda yenyewe. Ushuhuda husimuliwa kwa wakati uliopita: mtoto aliumwa, akapona. Moyo uliopasuliwa hauongei hivyo. Mwenye tundu lililozibwa anahitaji kupimwa tena ili kuhakikisha hakuna linalovuja. Mwenye Tetralojia ya Fallot, kasoro ya mambo manne iliyoelezwa na Mfaransa Étienne-Louis Arthur Fallot mwaka 1888, anaweza kuhitaji vali mpya ukubwani. Wengine hupasuliwa kwa awamu, na upasuaji wa kwanza ni wa kununua muda tu. Familia iliyosimama mbele ya watu na kutangaza kwamba mtoto amepona inapata taabu kurudi kliniki: itaonekana imerudi nyuma kiimani. Huyu ndiye mtoto anayepotea kwenye vitabu vya hospitali, baada ya kazi ngumu yote kufanyika.

Mizani

Ukipima misimamo hii kwa hoja zake tupu, haitakwisha kubishana, kwa kuwa inajibu maswali tofauti. Daktari anaeleza tundu limezibwaje. Mchungaji na shehe wanaeleza familia iliwezaje kukaa siku tisa kwenye benchi la nje bila kuvunjika. Ukiipima kwa kalenda, uzito unajitenga. Imani inayoipeleka familia hospitalini kwa tarehe iliyopangwa, inayokaa nayo pale, na inayoirudisha tena baada ya miezi mitatu, inashinda kutokuwa na imani kabisa, kwa sababu inakuja na watu na michango. Imani inayosema "tungoje kwanza" inashindwa na zote, hata kama aya zake ni sahihi. Na tiba isiyojua kueleza, isiyouliza mtoto kavishwa nini shingoni wala kapewa nini jana usiku, nayo inachelewesha kwa namna yake, ingawa haiandikiwi lawama hiyo.

Wa kubeba lawama za ucheleweshaji, kwa haki, ni wengi. Nabii anayekataza vidonge yumo. Foleni ya upasuaji imo, pamoja na kituo cha afya kinachotibu kifua mara sita bila kusikiliza moyo. Kumlaumu mama aliyekwenda kwenye mkesha ilhali tarehe yake ya eko ni ya mwakani ni kupunguza hesabu.

Yapo yanayoweza kubadilika bila kungoja bajeti. Daktari anaweza kuandika kwenye kadi, kwa Kiswahili, si jina la kasoro tu bali mwezi ambao ukipita upasuaji utakuwa hatari, ili mwombaji naye ajue anaombea ndani ya muda gani. Kiongozi wa ibada anaweza kuuliza swali moja kabla ya kumpa mzazi kipaza sauti: kliniki yenu ijayo ni lini? Tarehe hiyo ikitangazwa pamoja na ushuhuda, kutoroka kliniki hakutakuwa tena siri ya nyumba moja. Na kapu la sadaka linapopita Jumapili hiyo, au sanduku la msikiti Ijumaa, nauli ya mama na mtoto kwenda na kurudi Dar es Salaam inaweza kutoka humo.